hCG au deslorelini: sindano ipi ya kupevusha yai la farasi jike?

Kifuko cha yai kimefika milimita 36, jike anamkubali dume bila ubishi, mbegu ziko kwenye tangi la naitrojeni, na daktari wa mifugo anauliza: tunachoma ipi? Kwa farasi walio wengi jibu la haraka ni "yoyote", na wala si jibu baya. Sindano zote mbili, zikichomwa kwa jike aliyefikia hatua inayotakiwa, hutoa yai ndani ya saa 48 kwa majike kama 8 au 9 kati ya 10. Tofauti zinaanza kuonekana kwa jike mzee, kwa aliyekwisha kuchomwa dawa ileile mara tatu msimu huu, kwa mbegu zilizogandishwa ambazo hazina subira, na kwa jike ambaye mapumziko ya msimu ya ovari zake hayajaisha vizuri.

Niuweke msimamo wangu mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Naanza na hCG kwa jike wa kawaida katikati ya msimu, na namwekea deslorelini yule ambaye mwili wake umeshaanza kuizoea hCG, au ambaye mbegu zake ni ghali kiasi kwamba hakuna nafasi ya kubahatisha. Sababu ziko ndani ya ovari, kwa hiyo tuanzie huko.

Kwa nini jike asaidiwe

Farasi si ng'ombe. Kwa ng'ombe homoni ya LH, ile inayolitoa yai, hupanda kwa kishindo, hufika kileleni, na yai hufuata kwa saa zinazohesabika. Kwa farasi LH hupanda taratibu kwa siku kadhaa, na kilele chake huja kiasi cha siku moja baada ya yai kutoka. Hakuna kishindo cha kukivizia. Joto lenyewe huchukua siku 5 hadi 7, na mwanzoni mwa msimu linaweza kuvuka siku 10. Yai hutoka saa 24 hadi 48 kabla ya joto kuisha, maana yake jike anapoanza kumkataa dume ndipo unapojua kwamba shughuli ilikwisha jana au juzi.

Yai likishatoka halikai sana. Saa 12 ni nyingi kwake, na ubora huanza kushuka mapema zaidi ya hapo. Upande wa mbegu hesabu inategemea zilivyofika. Za dume aliyepanda mwenyewe hukaa hai saa 48 na mara nyingi zaidi. Zilizopoozwa na kusafirishwa hutegemewa kwa siku moja hivi. Zilizogandishwa zikishayeyushwa hupewa saa 12. Ukiweka saa 12 za mbegu kando ya saa 12 za yai, utaona kwa nini watu wanaotumia mbegu za tangi wanataka kujua saa, hawaridhiki na kujua siku.

Kuna jambo jingine la maumbile ambalo hata wafugaji wazoefu hawalifahamu sana. Ovari ya farasi imegeuzwa, ya ndani nje. Sehemu inayobeba mayai iko katikati, mishipa ya damu iko juu, na yai haliwezi kutoka popote tu kama kwa ng'ombe au binadamu. Lina mlango mmoja: kishimo kidogo upande mmoja wa ovari. Kifuko lazima kikue na kusogea hadi kiguse kishimo hicho. Ndiyo maana kifuko cha farasi kinakuwa kikubwa mno, kwa kawaida milimita 40 hadi 45 kabla ya kupasuka, na mifugo mizito huvuka hapo. Kikishatawala wenzake hukua karibu milimita 3 kwa siku, kwa hiyo kilichopimwa 30 leo si cha kukimbilia na sindano. Mpe siku mbili.

Kinachotazamwa kabla ya sindano

Kwenye skrini ya altrasaundi kifuko ni duara jeusi, kwa sababu maji hayarudishi mawimbi. Ukubwa peke yake hautoshi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Shusha kipima kwenye mji wa mimba. Jike aliye tayari ana mikunjo iliyovimba maji, na ukiikata kwa picha ya mshazari inaonekana kama chungwa lililokatwa katikati, vipande vyote vikitazama kitovu kimoja. Uvimbe huo unaletwa na estrojeni ya kifuko chenyewe. Hupanda kadiri kifuko kinavyokua, kisha huanza kushuka siku ya mwisho kabla ya yai kutoka. Mlango wa mji wa mimba nao umelegea.

Kifuko cha milimita 38 bila uvimbe wowote kina maana mbili tu za kawaida. Ama jike bado ana mwili wa njano, yaani tishu inayobaki kwenye ovari yai likishatoka, unaotoa projesteroni, homoni inayozuia joto, na hicho ni kifuko cha katikati ya mzunguko, ama ni mwanzo wa msimu na kifuko hicho hakina mpango wa kupasuka. Katika hali zote mbili sindano haisaidii. Na kinyume chake kipo: kifuko kimelainika, hakiko duara tena bali kimechongoka kuelekea kwenye kishimo, uvimbe umeshuka. Huyo atatoa yai usiku huu, umchome au usimchome. Sindano utakayompa itapewa sifa ambayo si yake.

Kanuni inayofanya kazi ni kifuko cha milimita 35 na kuendelea, uvimbe ulio wazi, mlango uliolegea. Baada ya hapo ndipo uchague dawa.

hCG inakigonga kifuko moja kwa moja

hCG ni homoni inayotokana na mkojo wa wanawake wajawazito. Madaktari wamekuwa wakiitumia kwa farasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa hiyo hakuna dawa ya kazi hii inayofahamika kuizidi. Kwenye mwili wa jike hufanya kazi ya LH. Hukamata vipokezi vya LH vilivyo kwenye ukuta wa kifuko na kuanzisha hatua za mwisho: yai linapevuka, ukuta unalainika, kifuko kinapasuka. Haiombi ruhusa kwa ubongo wala kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, inayotoa LH.

Kipimo kinachotumika sana ni uniti 1,500 hadi 3,000, kwenye mshipa au kwenye msuli. Wapo wanaotumia chini au juu ya hapo. Yai hutoka kwa wastani saa 36 baadaye. Huja kama unga mkavu wa kuchanganywa na maji yake, na ukishauchanganya nguvu haidumu, kwa hiyo asiyekuwa na majike wengi wa siku moja hujikuta anamwaga nusu ya chupa. Hata hivyo kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini kati ya hizi mbili.

Kasoro yake inatokana na ukubwa wake. Ni protini kubwa, tena ya binadamu, na mwili wa farasi unaweza kuitambua kama mgeni na kuitengenezea kingamwili. Hilo huweza kutokea baada ya sindano mbili hadi tano. Hapa watu hutia chumvi. Kuwa na kingamwili hakumaanishi jike hatajibu kabisa. Wengi wenye kingamwili bado hutoa yai kwa wakati. Lakini ukiwa na jike aliyejibu vizuri mwezi wa kwanza, akachelewa wa pili, na wa tatu akakaa siku nne na kifuko chake, huna haja ya maabara kukuambia ubadilishe dawa. Majike wenye umri mkubwa nao hujibu hCG kwa kusuasua kuliko vijana.

Deslorelini inamwamsha jike afanye mwenyewe

Deslorelini ni ya ukoo mwingine. Mwaka 1971 muundo wa GnRH, homoni ndogo ya hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoiamuru pituitari, uliwekwa wazi, na Andrew Schally na Roger Guillemin wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa kazi hiyo. Homoni ya asili ina amino asidi 10 na huvunjwa mwilini kwa dakika chache. Wakemia wakaibadilisha hapa na pale wakapata ndugu zake wenye nguvu na wanaokaa zaidi, deslorelini akiwa mmojawapo. Ukimchoma jike, pituitari yake inaachia LH yake mwenyewe pamoja na FSH, homoni ya kukuza vifuko, na LH hiyo ndiyo inayokipasua kifuko.

Kwa sababu ni molekuli ndogo, mwili hauitengenezei kingamwili. Unaweza kuitumia mzunguko baada ya mzunguko na jibu likabaki lilelile. Hilo peke yake linatosha kwa anayefuga majike wa kutoa viinitete (mimba changa za kupandikizwa kwa majike wengine), ambao huchomwa kila mwezi msimu mzima.

Ilianza kutumika kama kipandikizi cha miligramu 2.1 kiitwacho Ovuplant, kinachowekwa chini ya ngozi. Kilifanya kazi vizuri, ila majike ambao hawakushika mimba walichelewa kurudi kwenye joto, wengine kwa wiki kadhaa. Kipandikizi kilikuwa kinaendelea kuvujisha dawa baada ya kazi kwisha, na pituitari inayopigiwa kelele bila kukoma huacha kusikiliza: FSH inashuka na vifuko vipya havikui. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliopewa prostaglandini, dawa ya kumrudisha jike kwenye joto, baadaye ili warudi haraka. Dawa ya tatizo hilo ikawa rahisi. Kipandikizi kiwekwe chini ya ngozi laini ya mdomo wa uke, mahali kinapoweza kushikwa, na kitolewe mara yai linapotoka. Ukikutana na mtu anayekwambia deslorelini "inafunga ovari", mara nyingi hadithi yake inatokana na kipandikizi kilichosahauliwa ndani.

Sindano ya SucroMate, yenye miligramu 1.8, iliidhinishwa Marekani mwaka 2010 na huchomwa kwenye msuli. Hiyo haiachi kitu cha kutolewa, na kuchelewa kurudi kwenye joto si jambo la kawaida kwake. Ni nzito kama asali, hivyo usijaribu kuivuta kwa sindano nyembamba. Yai hutoka kwa wastani saa 40 hivi baada ya kuchoma, na majike hukaribiana sana saa zao.

Kwa kuziweka bega kwa bega

| | hCG | Deslorelini |
|---|---|---|
| Inafanya kazi wapi | Kwenye kifuko chenyewe | Kwenye pituitari, ambayo huachia LH ya jike |
| Kipimo cha kawaida | Uniti 1,500–3,000, mshipa au msuli | Miligramu 1.8 msuli, au kipandikizi cha 2.1 |
| Kifuko kinachofaa | Milimita 35 na zaidi | Milimita 30–40, wengi husubiri 35 |
| Wastani wa kutoka yai | Saa 36 | Saa 40 hivi |
| Kurudia msimu mmoja | Jibu linaweza kupungua | Hakuna shida ya kingamwili |
| Jike mzee | Husuasua zaidi | Hutegemeka zaidi |
| Mwanzo wa msimu | Haihitaji pituitari yenye akiba | Inahitaji pituitari yenye LH ya kuachia |
| Gharama | Kwa kawaida nafuu | Kwa kawaida ghali |

Mstari wa mwanzo wa msimu ndio unaostahili kuelezwa zaidi, kwa sababu unageuza mizani. Jike anapotoka kwenye kipindi cha mapumziko cha siku fupi, ovari zake huamka kabla pituitari haijajaza akiba ya LH. Kwa wiki kadhaa, hata miezi miwili au mitatu, vifuko hukua hadi milimita 35, vinanywea, vinakuja vingine. Jike anaonyesha joto leo, kesho hapana, keshokutwa tena. Deslorelini kwa jike wa namna hiyo ni kubisha hodi kwenye ghala tupu. hCG ina nafuu kidogo, kwa kuwa inaleta kitu chake yenyewe, lakini nayo inahitaji kifuko kilichojenga vipokezi vya kutosha vya LH. Alama ya kukuambia vimejengwa ni uvimbe ule wa mji wa mimba. Kifuko cha kwanza cha mwaka kinachofikia 35 na kuleta uvimbe mzuri kinastahili sindano, na hapo ningechukua hCG. Kifuko bila uvimbe, funga begi urudi wiki ijayo.

Saa za kazi zinavyobadilisha uchaguzi

Tofauti ya saa nne au tano kati ya dawa hizi inaonekana ndogo hadi utakapopanga ratiba. Tuseme unataka yai litoke Jumatano saa 3 asubuhi, wakati mna watu, mwanga na kipimo cha altrasaundi. hCG itachomwa Jumatatu saa 3 usiku. Deslorelini itachomwa Jumatatu saa 10 jioni. Kuna zizi ambalo hakuna wa kuja saa 3 usiku, na kuna daktari ambaye saa 10 jioni yuko barabarani. Uchaguzi mwingi wa dawa, ukiuchimba, utakuta ulifanywa na ratiba.

Kwa mbegu zilizogandishwa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumpima jike kila saa 6 kuanzia jioni ya siku ya pili na kuweka dozi moja ya mbegu mara yai linapotoka, ndani ya saa 6. Inaokoa mbegu, inachosha watu. Ya pili ni kuweka dozi mbili kwa saa maalumu baada ya sindano, saa 24 na saa 40, bila kukesha. Kwa jike aliyechomwa Jumatatu saa 3 usiku, dozi ya kwanza ni Jumanne saa 3 usiku na ya pili Jumatano saa 7 mchana. Likitoka kati ya hapo, moja ya dozi hizo itakuwa karibu nalo. Njia hii inasimama kwa sharti moja, kwamba jike ajibu kwa wakati. Ndiyo maana kwa mbegu za tangi, hasa za dume aliyekwisha kufa ambaye dozi zake hazitaongezeka tena, siwezi kumshauri mtu abane pesa kwenye sindano. Deslorelini, au hCG kwa jike ambaye hajawahi kuchomwa na ana rekodi nzuri.

Mbegu zilizopoozwa zina shida yake tofauti: zinaagizwa kabla. Daktari anachoma sindano na kupiga simu siku ileile, shehena inafika kesho yake, jike anahimilishwa karibu saa 24 baada ya sindano, na yai linatoka usiku wa kuamkia siku ya tatu au asubuhi yake. Hapa zote mbili zinatosha. Kosa kubwa huwa ni kuagiza mbegu kwanza na kumpima jike baadaye.

Kupandisha kwa dume mwenyewe ndiko pekee kunakokubaliwa kwa farasi wa mbio wa Thoroughbred. Uhimilishaji hauruhusiwi kwenye usajili wao. Dume maarufu anaweza kupangiwa majike zaidi ya 100 kwa msimu, na nafasi moja ikipotea huwezi kuipata kesho. Kwa hiyo majike huchomwa siku moja hivi kabla ya miadi ili mpando mmoja utoshe. Faida nyingine ya mpando mmoja ni kwa jike mwenye mji wa mimba dhaifu, yule anayebaki na maji na uvimbe kila akipandwa. Kila kupandwa ni kumwingizia mbegu na vijidudu. Mara moja, kwa saa nzuri, ni tiba kwa namna yake.

Dawa zinazochanganywa na hizi mbili

Prostaglandini haipevushi yai. Nalisema kwa mkazo kwa sababu watu huisema kwa pumzi moja na hCG kama vile ni washindani. Kazi yake ni kuuvunja mwili wa njano ili projesteroni ishuke na jike arudi kwenye joto. Mwili wa njano hausikii vizuri mpaka zipite kama siku 5 tangu yai kutoka. Joto huja siku 2 hadi 5 baada ya sindano, na yai siku 7 hadi 10, lakini idadi hiyo inategemea kifuko ulichokikuta. Ukimchoma jike mwenye kifuko cha milimita 40, kinaweza kupasuka baada ya siku mbili au tatu hata kabla hajaonyesha joto la kueleweka. Mpime kwanza. Jike hutoka jasho na kuonyesha maumivu ya tumbo kwa muda mfupi, hupita. Mwanamke mjamzito na mwenye pumu wasiishike dawa hii. Katika mpango mzuri prostaglandini inafungua mlango wa joto, na hCG au deslorelini inakuja siku kadhaa baadaye kupanga saa ya yai.

Altrenogesti ni projesteroni ya kutengenezwa, ya kunywa, miligramu 0.044 kwa kilo kila siku. Jike wa kilo 500 hupata miligramu 22. Hutolewa siku 10 hadi 15 kwa jike aliye ukingoni mwa msimu mwenye vifuko vinavyoyumba, na inapokatishwa joto huja likiwa limejipanga. Haimwamshi jike aliyelala kabisa. Glavu ni lazima kwa anayeishika, maana hupenya ngozi.

Mwanga ndio unaomwamsha aliyelala. Farasi ni mnyama wa siku ndefu: giza refu hutoa melatonini nyingi, na melatonini huizima GnRH. Saa 16 za mwanga kwa siku, ukiongezwa jioni baada ya jua kuzama, kwa siku 60 hadi 90, huleta yai la kwanza mapema. Mwanga wenyewe si wa kutisha. Lux 100 kwenye zizi zinatosha. Zipo barakoa zinazotoa mwanga wa buluu kwenye jicho moja kwa farasi wanaolala nje. Karibu na ikweta, ambako siku hazibadiliki sana, majike wengi huzunguka karibu mwaka mzima na lishe ndiyo hushika usukani. Huko mwanga si swali.

Buserelini ni ndugu wa deslorelini na hutumika zaidi Ulaya, mara nyingi kwa sindano kadhaa kila saa 12. Inafanya kazi, usumbufu wa kurudia ndio unaoiangusha.

Na wapo wanaouliza eCG, ile inayotumika kwa ng'ombe na kondoo kukuza vifuko vingi. Inashangaza kidogo: homoni hiyo hutolewa na farasi mjamzito mwenyewe, kuanzia karibu siku ya 35 hadi 40 ya mimba, na ilielezwa na Cole na Hart mwaka 1930. Kwa wanyama wengine ina nguvu ya FSH. Kwa farasi inatenda kama LH, na ovari yake haijibu kwa kutoa mayai mengi. Kumfanya jike atoe mayai matano au sita kwa mara moja bado ni kazi ngumu, na kishimo kile kimoja cha kutokea hakisaidii.

Sindano ilipokosa kazi

Siku ya tatu jike bado ana kifuko. Tazama kilichomo ndani. Kikiwa cheusi safi na uvimbe bado upo, huenda alichomwa mapema mno. Subiri, kiangalie tena kesho. Kikiwa na vitone vyeupe vinavyoelea, kisha nyuzi kama utando, basi kifuko kimejaa damu na hakitapasuka. Hutokea zaidi kwa majike wenye umri na mwishoni mwa msimu, na jike aliyewahi kukipata huwa na tabia ya kukirudia. Hakuna dozi ya pili ya hCG wala ya deslorelini itakayokiokoa. Kinageuka kuwa tishu inayotoa projesteroni, na baada ya siku kadhaa prostaglandini huweza kukivunja ili jike aanze upya.

Tatizo la upande wa pili ni mayai mawili. Vifuko viwili vya milimita 35 vikichomwa sindano moja vinaweza kupasuka vyote, na mapacha kwa farasi ni balaa: wengi huharibika, na wanaofika mwisho mara nyingi ni dhaifu. Si sababu ya kuacha sindano. Ni sababu ya kuandika kwenye kadi ya jike kwamba alikuwa na vifuko viwili, na kumpima siku ya 14 hadi 16, kabla kiinitete hakijatulia mahali pamoja, wakati daktari bado anaweza kukibana kimoja na kukiacha kingine.

Wapo pia ambao hawahitaji kuchagua chochote. Dume anayekaa malishoni na majike wake hupanda mara nyingi ndani ya joto moja, na mbegu zake huwa zimeshatangulia kwenye mirija zinalingoja yai. Jike kijana mwenye afya, katikati ya msimu, dume yupo, mji wa mimba ni safi: okoa pesa ya sindano, uiweke kwenye kipimo cha siku ya 14.